Saa, Njia na Mahali pa Picha

Katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Northwestern, mjini Evanston nchini Marekani, zimehifadhiwa picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki zilizopigwa kati ya miaka ya 1860 na 1960, ambazo Humphrey Winterton wa Uingereza alizikusanya kwa subira kubwa kabla hazijahamia huko mwaka 2002. Katika mkusanyo wa namna hiyo hukutana picha za aina mbili: zile ambazo mpigaji au mwenye albamu aliandika chini yake au nyuma yake jina la mji, la mto au la stesheni ya reli, na zile zilizoachwa bila neno, zionyeshazo mnazi na ukuta wa mawe ya matumbawe na watu waliosimama mbele yake, lakini zisizosema kama ukuta ule ni wa Lamu, wa Bagamoyo au wa Kilwa. Ya kwanza humfaa mwanataarikhi kwa shahada, na ya pili humfaa kwa uzuri wake tu, ilhali wino uliopungua kati ya hizo mbili ulikuwa wa neno moja.

Muradi wa makala haya ni kusimulia jinsi watu walivyojitahidi kuifunga picha na mahali pake, tangu kalamu iliyoandika nyuma ya karatasi hadi faili la njia linaloandikwa na kipokezi cha GPS na kusomwa na programu ya kutunzia picha, na kueleza kwa nini faili hilo hukosea. Kwani mwenye kuyachunguza makosa yake moja baada ya jingine atakuta kwamba aghalabu yametoka katika saa, na kwamba mtunzaji wa picha zake leo anahangaika na jambo lile lile lililowahangaisha mabaharia kwa karne nyingi.

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa Paris mwaka 1839, na haukuchukua hata miaka kumi kufika pwani yetu: nahodha Charles Guillain wa Ufaransa, aliyezunguka pwani ya Afrika ya Mashariki katika merikebu Ducouëdic kati ya 1846 na 1848, alirejea na picha za bamba la fedha za watu wa Unguja na wa miji mingine, na picha hizo zingaliko. Baadaye walikuja wapiga picha wenye studio, na hao, kwa kuwa kazi yao ilikaa mji mmoja, hawakuwa na haja kubwa ya kuandika mahali. Jina la studio, kama la A. C. Gomes wa Unguja, lilitosha kuwa anwani. Shida ilikuwa ya msafiri. Huyo alibeba vioo vizito begani mwa wapagazi, akapiga leo hapa na kesho kule, na alipofika kwao baada ya mwaka akakuta daftari limelowa maji, mpangilio wa vioo umevurugika, na kumbukumbu yake mwenyewe haimpi yakini. Aliyekuwa na busara aliandika katika daftari tarehe na saa ya kila kioo, na katika daftari jingine akaandika kambi alizolala na tarehe zake, kisha akiwa nyumbani akaziweka daftari mbili sambamba na kuitafuta kambi ya kila picha kwa kufuata siku. Desturi hiyo ndiyo niitakayo msomaji aishike, maana yote yatakayofuata ni hiyo hiyo: daftari moja la picha na wakati, daftari la pili la wakati na mahali, na wakati ndio unaoziunga.

Lakini kabla ya picha kuwako, bahari ilikwisha kuwafundisha watu kwamba mahali na wakati haviachani. Manahodha wa Bahari ya Hindi walijua latitudo yao kwa nyota. Walishika kamali, nayo ni kibao chenye uzi wenye mafundo, wakauma fundo kwa meno, wakanyoosha kibao mbele ya jicho mpaka ukingo wake wa chini ukae juu ya upeo wa bahari na wa juu uiguse nyota, na fundo likawaambia kimo cha nyota kwa isbaa, kila isbaa ikiwa yapata digrii moja na dakika 36. Ahmad ibn Majid wa Julfar, bingwa wa elimu hiyo katika karne ya kumi na tano, aliyatunga kwa nathari na kwa nudhumu maelezo ya njia za bahari, na mojawapo ya nudhumu zake inaongoza chombo kushuka pwani hii hadi Sofala. Na kwa kuwa nyota ya Jaha huzama kwa mwenye kuvuka istiwai kwenda kusini, alilazimika kuwafundisha warubani kupima kwa nyota nyingine. Hiyo ilikuwa latitudo. Longitudo ilikataa. Hakuna nyota isimamayo juu ya mashariki wala juu ya magharibi, kwani mbingu zote zazunguka upande huo, na mtu hawezi kujua amekwenda umbali gani upande wa jua lichomozako ila ajue kwa wakati mmoja saa ya hapo alipo na saa ya mahali pengine anapopajua. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja, yaani digrii moja kwa dakika nne, na kwa mtu aliye karibu na istiwai sekunde nne za kosa ni maili moja ya bahari.

Bunge la Uingereza liliweka zawadi mwaka 1714 kwa atakayelitatua tatizo hilo, na fundi seremala John Harrison akalitatua kwa saa: ile saa yake ya nne iliposafirishwa hadi Jamaika, ikiondoka mwaka 1761, ilikuwa imekosea sekunde zipatazo tano tu ilipofika. Pwani yetu iliingizwa katika hesabu hiyo na kapteni William Owen, ambaye kati ya 1822 na 1826 aliipima kwa merikebu Leven na Barracouta, akiwa na saa za majira ndani ya masanduku yao, na mabaharia wake wengi wakafa kwa homa katika kazi hiyo. Ramani zilizotokana na safari ile zilitumika miaka mingi baadaye. Na mwaka 1884 wajumbe wa mataifa 25 walipokutana Washington wakaafikiana kwamba longitudo ya dunia ihesabiwe kutoka Greenwich, yaani waliafikiana juu ya mahali na juu ya saa katika mkutano mmoja.

Mfumo wa GPS, ulioanza kubuniwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani mwaka 1973 na kurushiwa setilaiti yake ya kwanza tarehe 22 Februari 1978, ni saa ya Harrison iliyopelekwa angani. Kila setilaiti, ikizunguka kwa kimo cha takriban kilomita 20,200, imebeba saa za atomiki na haifanyi kazi ila kutangaza jambo moja: hii ndiyo saa yangu, na hapa ndipo nilipo. Kipokezi kilichoko mkononi hupima tangazo limechukua muda gani njiani, na kwa kuwa mawimbi ya redio huenda mita 300 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde, muda hugeuka umbali. Umbali kutoka setilaiti tatu ungetosha lau saa ya kipokezi ingekuwa sahihi. Lakini saa hiyo ni ya bei ndogo na haiaminiki, kwa hiyo yatakiwa setilaiti ya nne ili hesabu itoe mambo manne pamoja, nayo ni latitudo, longitudo, kimo na wakati. Fauka ya hayo, saa zilizoko juu huenda mbio kuliko zetu kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku, kama alivyotabiri Einstein, na zisiporekebishwa mahali pangekosewa kwa zaidi ya kilomita kumi katika siku moja. Miongoni mwa vituo vitano vya mwanzo vilivyowekwa kuziangalia setilaiti hizo, kimoja kimo katika bahari yetu, kisiwani Diego Garcia, ambacho wenyeji wake waliondolewa kwa nguvu kati ya 1968 na 1973 ili kambi ya kijeshi ijengwe. Haifai kuisifu hesabu ya mfumo huu na kuwanyamazia watu wale.

Chombo hiki kilikuwa cha askari. Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea iliyopotea njia ilitunguliwa na ndege ya kivita ya Kisovieti, wakafa watu 269, na Rais Reagan akatangaza kwamba mfumo utakapokamilika utafunguliwa kwa raia wa dunia. Ulifunguliwa, lakini kwa kuharibiwa makusudi: raia walipewa ishara iliyotiwa kosa, hata mahali pakayumba kwa kiasi cha mita 100. Mpiga picha wa miaka ya tisini aliyekuwa na kipokezi angeweza kujua yuko mtaa gani, lakini asingeweza kujua yuko upande gani wa barabara. Usiku wa tarehe 1 Mei 2000, kwa amri ya Rais Clinton, kosa lile lilizimwa, na vipokezi vyote duniani, bila kuguswa, vikawa sahihi mara kumi kuliko vilivyokuwa mchana wake. Naihesabu siku hiyo kuwa siku ya kuzaliwa kwa desturi tunayoizungumza, kwani tangu hapo ilimfaa mtu wa kawaida kuubeba wakati na mahali mfukoni.

Daftari la pili sasa lilihitaji mwandiko. Mwandiko wa kwanza ulikuwa wa mabaharia: chama cha Marekani cha elektroniki za baharini kiliweka mwaka 1983 kanuni iitwayo NMEA 0183, ili chombo kimoja cha jahazi kiweze kusema na kingine, na kipokezi kikatoa kila sekunde mstari unaoanza kwa alama ya dola, wenye saa, latitudo, longitudo na mwendo, vikitengwa kwa mkato. Mwandiko huo haukukusudiwa kuhifadhiwa. Ulikuwa mazungumzo, na watu wakayaweka mazungumzo katika faili kwa kukosa kingine, huku kila kampuni ikiwa na faili lake la siri lisilosomwa na mwenzake. Mwaka 2002 Dan Foster, wa kampuni ya TopoGrafix, alitoa kanuni ya GPX, iliyo wazi kwa wote na inayosomeka hata kwa jicho, na toleo lake la 1.1 la Agosti 2004 ndilo litumikalo mpaka leo. Ndani yake mna njia. Ndani ya njia mna vipande. Na ndani ya kipande nukta zimepangwa kama shanga katika uzi, kila nukta na latitudo, longitudo, kimo, na wakati ulioandikwa kwa saa ya Greenwich na kumalizikia herufi Z. Herufi hiyo moja ndiyo nguzo ya jengo zima.

Na daftari la kwanza, la picha na wakati, lilikuwa limekwisha kutengenezwa na Wajapani. Kanuni ya Exif, iliyotolewa mwaka 1995, iliamuru kamera ya dijitali iandike ndani ya kila picha tarehe na saa iliyopigwa, na kabla ya karne kwisha ikawa na nafasi ya latitudo na longitudo pia. Waliotunga kanuni hii walifanya kazi kubwa, na heshima yao haipungui kwa kusema kwamba waliacha pengo moja ambalo limeleta taabu zaidi ya nusu ya zote nitakazozitaja: saa ya picha iliandikwa bila kueleza ni saa ya wapi. Kamera ilisema saa 8 na dakika 10, na haikusema kama ni ya Tokyo, ya Maskati au ya Dar es Salaam. Pengo hilo halikuzibwa mpaka toleo la 2.31 la mwaka 2016, na kamera nyingi zilizouzwa baada ya hapo ziliendelea kuliacha wazi.

Kuziunga daftari hizo mbili kukawa kazi ya programu. Phil Harvey wa Kanada alitoa ExifTool mwaka 2003, na baadaye akaiongezea uwezo wa kusoma faili la njia na kuandika mahali katika picha. DigiKam ya watu wa programu huria ikawa na dirisha lake la ramani. Kampuni ya Sony ikatoa mwaka 2006 kifaa kidogo cha kuning'inizwa kwenye mkoba, kilichoandika nukta moja kila sekunde 15, pamoja na programu yake ya kuoanisha. Aperture ya Apple ikafuata mwaka 2010 na Lightroom ya Adobe mwaka 2012. Zote zilifanya jambo lile lile alilolifanya msafiri wa zamani kwa daftari zake mbili: zilichukua saa ya picha, zikatafuta katika faili nukta iliyo kabla ya saa hiyo na iliyo baada yake, zikagawanya umbali kwa uwiano wa muda, zikaandika jibu ndani ya picha.

Sasa nije kwenye taabu zenyewe, na nianze na kubwa. Mtu amepanda basi Dar es Salaam alfajiri kwenda Moshi, na saa mbili za asubuhi akapiga picha Chalinze. Saa ya mkononi mwake, kwa desturi ya mwambao, yasema saa mbili. Kamera yake yasema 8. Na faili la njia, likifuata Greenwich, lasema 5. Ni wakati mmoja, na saa zote tatu ni za kweli. Programu isipoambiwa kwamba kamera iko saa tatu mbele ya Greenwich, itachukua ile 8 ya kamera kuwa ni 8 ya Greenwich, na 8 ya Greenwich ni saa tano za Kiswahili, wakati basi likiwa limekaribia Korogwe. Hivyo picha ya Chalinze itawekwa Korogwe, nayo itawekwa kwa usahihi wa mita tano, barabarani hasa, bila alama yoyote ya kumshtua mtazamaji. Ubaya wa kosa hili ni kwamba hufanana na ukweli. Na atakayejaribu kulirekebisha kwa kuongeza saa tatu pale palipotakiwa kupunguza atalizidisha hadi saa sita, kiasi kile kile kitakachotokea kama kamera imewekwa kwa saa ya Kiswahili. Kwa hiyo akutanaye na tofauti ya saa sita kamili ayatazame mambo hayo mawili kabla ya jingine lolote.

Kwa wenyeji wa Kenya na Tanzania kanda yetu ya saa ina neema yake, maana saa zetu hazisogezwi mbele wala nyuma kwa misimu, na programu inayouliza mji itaridhika na Nairobi kwa picha za Tanga. Taabu huwa ya msafiri. Ndugu zetu waishio Maskati wako saa moja mbele ya Unguja, na wanapokuja kuzuru jamaa zao hawakumbuki aghalabu kuigeuza kamera, kwa kuwa simu hujigeuza yenyewe na mtu hudhani kamera nayo imefanya hivyo. Waliotoka London hukumbwa na tofauti ya saa tatu wakija Januari na ya saa mbili wakija Julai, na albamu yenye safari zote mbili haiwezi kurekebishwa kwa kipimo kimoja. Yapaswa kugawanywa kwanza.

Chini ya kosa la saa nzima limejificha kosa la dakika na sekunde. Saa ya kamera hukimbia au hubaki nyuma sekunde chache kila wiki, na baada ya mwaka usioguswa hufika dakika. Kwa mwenye kutembea kwa miguu Mji Mkongwe hilo ni kichochoro kimoja au viwili. Kwa aliye ndani ya basi ni zaidi ya kilomita. Dawa iliyobuniwa na wapiga picha ni ya kiungwana kwa wepesi wake, nami sijaona iliyo bora kuliko hiyo: mwanzo wa safari hupigwa picha ya uso wa kipokezi chenyewe, saa yake ikisomeka hadi sekunde. Hapo picha ile hubeba saa mbili, ya kamera iliyoandikwa ndani na ya setilaiti inayoonekana nje, na tofauti yake hupewa programu. ExifTool ina chaguo la Geosync kwa ajili ya hilo hilo.

Lakini kuna siku ambazo saa ya setilaiti nayo hupotosha. Saa ya GPS ilianza kuhesabiwa tarehe 6 Januari 1980, na haizifuati sekunde zinazoongezwa mara kwa mara katika saa ya dunia, hata tangu mwanzo wa 2017 iko mbele yake kwa sekunde 18. Kipokezi hujua kiasi cha kupunguza kwa kuambiwa na setilaiti, na taarifa kamili ya setilaiti huchukua dakika 12 na nusu kusomwa. Vipo vipokezi ambavyo, vikiwashwa upya, huandika nukta za mwanzo kabla havijaambiwa, kisha saa ikaruka katikati ya njia. Kubwa kuliko hilo ni hesabu ya wiki. Ishara ya zamani iliipa nambari ya wiki tarakimu kumi tu za kompyuta, nazo haziwezi kuhesabu zaidi ya wiki 1,024, ambazo ni kama miaka 19 na miezi minane. Zikitimia, hesabu hurudi sifuri. Ilirudi Agosti 1999, ikarudi tena usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2019, na kipokezi kisichoandaliwa kikaamka asubuhi hiyo kikiandika tarehe 22 Agosti 1999. Vingine vilipatwa siku nyingine kabisa, kwa kuwa watengenezaji walianza kuhesabu kutoka mahali tofauti. Mwenye picha akaona programu ikimjibu kwamba hakuna hata moja iliyolingana na njia, naye akalishuku faili, akaishuku kadi, akaishuku programu, ilhali latitudo na longitudo zote zilikuwa salama na siku 7,168 zilizopotea zingeweza kurudishwa kwa kujumlisha tu.

Makosa ya mahali penyewe ni machache, na mengi hujitambulisha yenyewe kwa ukubwa wake. Exif huandika latitudo bila alama ya kutoa, ikaweka kando herufi ya kaskazini au ya kusini. Herufi ya kusini ikianguka njiani kati ya programu moja na nyingine, picha za Dar es Salaam na za Unguja huhamia milima ya kusini ya Ethiopia. Latitudo na longitudo zikibadilishana nafasi, kwa kuwa mafaili ya mwandiko mwingine uitwao KML hutanguliza longitudo na mengine hutanguliza latitudo, Dar es Salaam huangukia Uhispania, si mbali na mpaka wa Ureno. NMEA huandika digrii na dakika bila kuzitenga, hata 0648 ikawa na maana ya digrii 6 na dakika 48; msomaji asiyejua huisoma digrii 6.48, na mji wote ukasogea kaskazini kilomita 35. Na kipokezi ambacho hakijaiona setilaiti yoyote, kikalazimika kuandika, huandika sifuri na sifuri, napo ni baharini katika Ghuba ya Guinea, pasipo na kitu ila boya la hali ya hewa. Picha za harusi za watu wasiohesabika zimerundikana hapo katika ramani za dunia.

Kisha kuna faili lililovunjika. GPX imejengwa juu ya XML, ambayo haina huruma: kila kilichofunguliwa sharti kifungwe, na betri ikiisha kabla ya kipokezi kuandika alama ya kufungia, programu kali hukataa faili lote, pamoja na nukta elfu nzima zilizoandikwa vyema. Jina la njia lenye alama ya “&” isiyoandikwa kwa kanuni huleta balaa hilo hilo. Hapa ndipo unapoonekana wema wa mwandiko usomekao kwa jicho, maana mtu yeyote mwenye programu ya kawaida ya maandishi aweza kulifungua faili, kutazama mwisho wake, na kulifunga kwa mkono. Njia iliyochorwa juu ya ramani kabla ya safari haiwezi kuponywa hivyo, kwa kuwa haina saa, na baadhi ya vipokezi vya zamani viliondoa saa kwa makusudi vilipoihifadhi njia ili kuokoa nafasi. Faili la namna hiyo huonekana zuri katika ramani na halifai kitu kwa picha. Na wapo waandishi wa programu walioandika saa ya mahali kisha wakaitia herufi Z, jambo ambalo nalihesabu baya kuliko kutoandika saa kabisa.

Mwisho liko pengo. Abiria wa boti aliyekaa ndani ya chumba kati ya bandari ya Dar es Salaam na Unguja hupoteza ishara, na programu, ikiona nukta mbili tu za mwanzo na mwisho, huweza kumvusha kwa mstari mustakimu. ExifTool, kwa desturi yake, haivuki pengo linalozidi sekunde 1,800, nayo yafanya vyema, kwa kuwa picha isiyo na mahali ni afadhali kuliko yenye mahali pa kubuni.

Tangu simu zilipotiwa vipokezi, hususan kuanzia mwaka 2008, watu wengi hawaoni tena faili la njia, kwani simu huandika mahali wakati ule ule wa kupiga. Waliosalia nalo ni wenye kamera kubwa: wapiga picha wa wanyama, wachunguzi wa magofu, wanabotania. Lakini mafaili ya miaka ishirini iliyopita yamo katika diski za watu na za makumbusho, mengine katika miandiko ya kampuni zilizokwisha kufa, na programu kama GPSBabel ya Robert Lipe zingali zikiyageuza mengi yake kuwa GPX. Wanaoyarithi wayahifadhi katika folda ile ile ya picha, bila kuyagusa, pamoja na karatasi inayosema kamera ilikuwa katika saa ya wapi na ilikosea kwa kiasi gani. Programu iliyoandika mahali ndani ya picha mwaka 2007 yaweza kuwa ilitumia saa isiyo sahihi, na mwenye kutaka kuihakiki mwaka 2040 hatakuwa na njia nyingine ila kuirudia hesabu tangu mwanzo kutoka katika faili lile.